Benaco: Jina la Ziwa la Italia Kwenye Njia Panda ya Ngara

Lori linalotoka Dar es Salaam kupeleka mzigo Kigali au Bujumbura hupita Isaka na Kahama, likaingia Wilaya ya Biharamulo kwa Nyakanazi na Lusahunga, likapanda vilima vya Nyakahura, kisha likafika mahali ambapo dereva hana budi kuchagua. Akishika kulia anakwenda Rusumo, daraja la kuingilia Rwanda. Akishika kushoto anapanda Ngara mjini na kuendelea hadi Kabanga, mpaka wa Burundi. Njia panda hiyo iko katika Kata ya Kasulo, lakini ukimwambia utingo akushushe Kasulo huenda akakuuliza Kasulo ipi. Mwambie Benaco, hatakuuliza tena.

Majina ya pande hizi yana tabia moja. Rusumo, Ruvuvu, Lusahunga, Kagera, Kasulo, Biharamulo, Bugufi, Bushubi, Nyakahura, Nyakanazi: kila jina limevaa kiambishi chake mbele kama nguo, na mtu anayesema Kihangaza, Kishubi au Kisubi anajua liko ngeli gani hata kabla hajajua maana yake. Mengine maana yake iko wazi kabisa. Maporomoko ya maji kwa Kinyarwanda na Kirundi ni isumo, basi mahali Mto Kagera unapojitupa mwambani pakawa Rusumo. Kiboko ni imvubu, na wengi huliona jina hilo ndani ya Ruvuvu, mto unaotoka Burundi na kuungana na Kagera juu kidogo ya maporomoko. Benaco pekee ndilo lililokuja bila nguo. Halina ngeli, lina herufi c iliyosimama peke yake kinyume cha alfabeti ya Kiswahili, na hakuna mzee wa ukoo wowote anayeweza kukusimulia lilitoka kwa babu yupi.

Wenyeji wanalijua jibu la kwanza, nalo ni fupi: kampuni. Kabla ya 1994, kampuni ya ujenzi ya Kitaliano iliyokuwa na jina hilo ilitengeneza barabara ya pande hizi na kuweka kambi yake hapo. Palikuwa na karakana, mitambo, nyumba za mafundi na vibarua wanaopanga foleni asubuhi. Watu walikuwa wakienda kutafuta kazi Benaco, kuuza ndizi Benaco, kuomba lifti Benaco. Barabara ilipokwisha wageni waliondoka na mitambo yao, jina likabaki chini.

Kwa Tanzania hilo si jambo la ajabu. Mwanza ina mtaa unaoitwa Mecco, na jina hilo ni ufupisho wa kampuni ya umma ya ujenzi. Kwenye barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, abiria hushuka Skanska bila kujua kwamba wanalitaja jimbo la kusini mwa Sweden, Skåne, ambako kampuni hiyo ilianzia. Makandarasi wametupatia majina mengi kuliko tunavyokiri, na hakuna aliyekata utepe wakati wa kuyapokea. Lakini Benaco ina safari ndefu zaidi nyuma yake, na inastahili kufuatwa hadi kwenye chimbuko.

Kwa Kitaliano, Benaco ni jina la kale la Ziwa Garda, kubwa kuliko maziwa yote ya Italia. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 370 na kina kinachofikia mita 346, nalo liko kaskazini mwa nchi, kati ya miji ya Brescia na Verona, chini ya milima ya Alpi. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema Garda. Benaco ni la washairi, la vitabu, na la wafanyabiashara wa huko wanaotaka hoteli au kampuni zao zisikike kuwa na asili. Warumi waliliandika Benacus. Mshairi Virgil, aliyezaliwa mwaka 70 kabla ya Kristo karibu na Mantova, jirani kabisa na mto unaotoka katika ziwa hilo, alilitaja katika utenzi wake juu ya kilimo. Karne kumi na tatu baadaye Dante akalirudia katika wimbo wa ishirini wa Jahanamu. Hapo anamfanya Virgil huyohuyo asimame na kueleza maji ya Benaco yanatelemka vipi mpaka Mantova, na mji huo ulipataje jina lake. Kwa hiyo jina lililokuja kuota Ngara lilikwisha kuingia katika fasihi likiwa ndani ya simulizi juu ya chimbuko la majina.

Hata hivyo Warumi nao walilikuta. Karne kadhaa kabla ya Kristo eneo la ziwa hilo lilikaliwa na makabila ya Waselti, wale ambao Warumi waliwaita Wagali, na wataalamu wengi wa lugha wanakubali kwamba Benacus ni neno la Kiselti lililovishwa mwisho wa Kilatini. Mzizi wake ni benn-, pembe au ncha, na umbo zima humaanisha kitu chenye pembe. Anayeitazama ramani ya ziwa haoni shida: rasi nyembamba ya Sirmione imechomoza kutoka pwani ya kusini na kuingia majini kama pembe ya ng'ombe.

Mzizi huo umeishi maisha marefu kuliko Waselti wa Italia wenyewe. Kwa Kiayalandi, beann ni pembe, tena ni kilele. Kwa Kigeli cha Uskoti ni beinn, na Waingereza wakalichukua na kulifupisha kuwa Ben, ndiyo maana mlima mrefu kuliko yote Uingereza unaitwa Ben Nevis. Kwa Kiwelisi ni ban, na vilele vya kusini mwa Wales huitwa bannau. Ziwa la Italia, mlima wa Uskoti na vilele vya Wales vinashiriki silabi moja, na anayezisoma kwenye ramani tatu tofauti hana sababu ya kuona undugu huo.

Umbo la neno nalo linaweza kudanganya. Wagali hao hao walikuwa na neno lingine, benna, gari la kukokotwa lenye tenga la fito zilizosukwa. Warumi walilikopa. Kwa Kifaransa likawa benne, na leo lori la kumwagia kifusi, tunaloliita tipa, kwao ni camion-benne. Kwa Kitaliano likabaki benna, yaani kijiko kikubwa cha mtambo wa kuchimbia. Waswisi wanaosema Kijerumani wana Benne, toroli la kusukuma kwa mikono. Kwa Kiingereza kuna bin, pipa la kuwekea nafaka au taka, ambalo wengi wanadhani limetoka huko huko. Basi kampuni ya Benaco ilipokuwa ikichota changarawe katika vilima vya Ngara, huenda fundi wa Kitaliano alitamka benna mara nyingi kwa siku, na ingemjia rahisi kudhani kwamba jina la mwajiri wake lina uhusiano na chombo alichokiendesha. Halina. Kilatini tena kina bene, vizuri, ambalo Waitaliano wanalo vilevile hadi leo, na Wafaransa wamelifanya bien. Hilo nalo si ndugu. Hata jina jipya la ziwa, Garda, lina ukoo mwingine kabisa. Linatokana na neno la Kijerumani cha kale la mahali pa kulinda, warda, lililowapa Wafaransa garde na Waingereza guard, ambalo nasi tumelipokea kwa jina la gadi.

Huku kwetu masikio nayo hayakukaa bure. Mnyarwanda au Mrundi akisikia Benaco anasikia kwanza bene, neno la kwao lenye maana ya wana wa fulani au wenye kitu fulani. Ndugu zetu ni benewacu. Akitaka anaweza kulipasua jina lote kuwa bene ako, na likawa na maana katika sarufi yake. Mtu wa Njombe naye angeweza kudai kwamba ni Wabena waliofika mbali. Majina ya kigeni hutafutiwa jamaa kila yanapofika, ndivyo lugha zinavyokaribisha wageni. Kilichosaidia Benaco ni kwamba haikuhitaji kuvunjwa shingo ili itamkike. Waitaliano huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Be-NA-co, na ndipo hasa Kiswahili kinapouweka wake. Kila konsonanti imefuatwa na irabu. Ni neno la Ulaya lililozaliwa likiwa tayari na umbo la Kibantu.

Majina mengine ya Ulaya yaliyoletwa katika nchi hii hayakuwa na bahati hiyo, ingawa yaliletwa na watu wenye bendera na vitabu.

Wa kwanza kuziandika habari za pande hizi kwa Kiingereza hakufika. Richard Burton alikuwa Kazeh, ndiyo Tabora ya sasa, kati ya 1857 na 1858, akawauliza wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wakienda kaskazini kutafuta pembe za ndovu. Snay bin Amir, aliyewahi kufika hadi Buganda, ndiye aliyemfungulia habari za nchi zilizo njiani. Mwenzake, John Hanning Speke, alipita mwenyewe mwishoni mwa 1861 pamoja na James Grant, na alichokumbuka zaidi ni hongo. Mtemi Suwarora alitoza nyaya na vitambaa kwa kila hatua, na maofisa wake walitoza tena kwa faida yao wenyewe. Nchi ya mtemi huyo, ambayo leo ni sehemu kubwa ya Biharamulo, Speke aliiita Usui.

Usui halikuwa jina la wenyeji. Wenyeji walisema Rusubi. Kilichotokea katikati kinaeleweka ukifuata mdomo kwa mdomo. Watu wa misafara walisema Kiswahili, na katika Kiswahili chao kila nchi ilianza kwa U: Buganda ikawa Uganda, Burundi ikawa Urundi, Bunyamwezi ikawa Unyamwezi. Rusubi ikavuliwa Ru- ikavishwa U-. Kisha ikaja ile b. Katika lugha za hapa, kuanzia Kisubi hadi Kirundi, b iliyo kati ya irabu si ngumu kama ya pwani. Midomo hukaribiana bila kufungana, hewa ikapenya, na sikio lisiloizoea husikia mara v, mara w, mara si kitu. Usubi ikawa Usuwi, na Usuwi ikawa Usui. Huenda ilikuwa heri, maana usubi kwa Kiswahili ni wale vijidudu wanaouma kando ya mito. Jina la mtemi, Suwarora, huenda nalo lina alama hiyo hiyo. Isitoshe, Speke hakuyapata maneno hayo moja kwa moja. Mkalimani wake mkuu, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni na kukulia India, alizungumza naye kwa Kihindustani. Jina lilitoka kwa Msubi, likapita kwa mpagazi, likapita kwa Bombay kwa lugha ya India, ndipo likatua kwenye daftari la Mwingereza.

Wajerumani walipokuja wakalirithi na kulitia sare yao. Kwa Kijerumani s moja kati ya irabu husomwa z, basi wakaandika mbili: Ussui, au Ussuwi. Na kwa kuwa w yao husomwa v, Ussuwi hiyo, ikisomwa na Mjerumani, ilikaribia matamshi ya wenyeji kuliko kitu chochote alichoandika Speke. Wamisionari wa Kifaransa wa kanzu nyeupe, waliofungua misheni ya Katoke karibu na Biharamulo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, walitoka katika lugha ambayo sauti ya u huandikwa ou, ndiyo sababu Uganda kwao ni Ouganda hadi leo. Ruvuvu ukapitia mkasa huo huo. Upande wa Burundi umebaki Ruvubu, upande wetu ni Ruvuvu, na ramani za Kijerumani zina hata Ruwuwu. Ni mto mmoja na sauti moja, ila kila kalamu ilisikia kivyake. Msomaji wa siku zile aliyekuwa na ramani tatu mezani angeweza kabisa kuhesabu mito mitatu.

Aliyejaribu kufuta kila kitu na kuandika upya ni Henry Morton Stanley. Mapema 1876 alikuwa Karagwe, akausafiri Mto Kagera kwa mashua, akaona wingi wa maji yake na kuamua kwamba huu ni Naili unaokuja. Wenyeji walikuwa na majina yao na Speke alikuwa amekwisha kuuandika Kitangule, lakini Stanley akautangaza kuwa Naili ya Alexandra, kwa heshima ya binti mfalme wa Denmark aliyeolewa na mrithi wa kiti cha Uingereza. Alexandra ni jina la Kigiriki, mlinzi wa watu. Jina la heshima zote, lenye malkia mtarajiwa ndani yake, likachapishwa London katika kitabu kilichouzwa sana mwaka 1878. Halafu likafa. Nani angelisema? Hakuna mvuvi aliyelihitaji, hakuna msafara uliouliza njia kwa jina hilo. Oscar Baumann, Mwaustria, alipovuka kuingia Burundi Septemba 1892, na Gustav Adolf von Götzen alipofika Rusumo kuingia Rwanda Mei 1894, walikuta watu wakisema Kagera na Ruvuvu. Richard Kandt, aliyepita hapo hapo na mwaka 1898 akaufuata mto hadi Rukarara katika msitu wa Nyungwe akitafuta chemchemi ya Naili, hakuwa na haja ya Alexandra. Stanley mwenyewe, tukumbuke, alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, na lugha ya utoto wake ilikuwa ile ile ambayo kilele huitwa ban. Aliwapa wengine majina kwa urahisi, labda kwa sababu alikuwa amekwisha kujipa lake.

Kagera ukashinda hata zaidi ya hapo. Mkoa wote ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, jina la mpima ramani aliyesimama mbali. Baada ya vita na Idi Amin, ambaye majeshi yake mwishoni mwa 1978 yaliteka ardhi iliyo kaskazini mwa mto, jina la mto likawa neno la taifa zima, na mwaka 1979 mkoa ukaitwa Kagera.

Kwa hiyo ilipofika miaka ya themanini na tisini, ramani ya Ngara na Biharamulo ilikuwa imejisafisha. Usui ilikuwa imerudi kuwa Rusubi, Alexandra imesahaulika, na la Wajerumani lililobaki ni boma la mawe pale Biharamulo. Jina moja tu la Ulaya lilikuwa kando ya barabara, katika kambi iliyohamwa na wajenzi.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitokea mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza usiku ule. Katika siku zilizofuata Kagera ilileta habari kabla ya redio: maiti zilipita Rusumo, zikaanguka na maporomoko, zikaelea hadi Ziwa Victoria. Majeshi ya RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Rwanda, yakawa yanashuka kuelekea mashariki, na mbele yao wakakimbia Wahutu wa eneo la Kibungo, wengi wao raia wa kawaida wenye magodoro na watoto migongoni, na miongoni mwao wale walioua. Tarehe 28 na 29 Aprili daraja la Rusumo lilipitisha watu zaidi ya 200,000 kwa muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikuwa halijawahi kuona wimbi kubwa kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo.

Walihitaji mahali penye eneo la wazi, maji na barabara, umbali wa kutosha kutoka mpakani. Kilomita kama 20 ndani ya Tanzania palikuwapo mahali pa namna hiyo, tena pakiwa na jina tayari. Kambi ya wajenzi ikawa kambi ya wakimbizi, na Kiswahili hakikubadilisha hata neno.

Kwa wiki kadhaa Benaco lilikuwa moja ya maneno yaliyotamkwa sana katika taarifa za habari za dunia. Watangazaji wa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kiholanzi walilisoma kila mmoja kwa mkazo wake, na inawezekana kwamba Waitaliano ndio pekee waliokunja uso, wakijiuliza ziwa lao linafanya nini Afrika. Wahangaza na Washubi wa vijiji vya jirani, waliokuwa wachache mno mbele ya wageni wao, waliona misitu ikiisha kwa kuni na bei za sokoni zikipanda na kushuka kwa namna ambayo hawakuwahi kuijua. Walielewana na wageni bila mkalimani, maana Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu wa tumbo moja. Mashirika ya misaada yaliyotoka Ulaya ndiyo yaliyohitaji wakalimani.

Ndani ya kambi Rwanda ilipandwa upya. Wakimbizi walikaa kwa komini, yaani maeneo ya utawala, walizotoka, na chakula kikapitia mikononi mwa viongozi wale wale waliowaongoza nyumbani. Kiongozi wa komini aliitwa kwa Kinyarwanda burugumesitiri. Neno hilo nalo linafaa kutazamwa: kwa Kijerumani Bürgermeister, kwa Kiholanzi burgemeester, Wabelgiji wakalisema kwa Kifaransa bourgmestre na kulipeleka Rwanda wakati wa utawala wao. Maana yake ni mkuu wa mji tu. Katika Aprili ya 1994 lilipata uzito mwingine, kwa sababu baadhi ya wakuu hao ndio walioratibu mauaji katika maeneo yao. Burugumesitiri wa komini ya Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, alivuka mpaka na watu wake akaishi Benaco. Katika komini yake ndimo lilimokuwa kanisa la Nyarubuye, ambako Watutsi waliokimbilia humo waliuawa kwa maelfu katikati ya Aprili. Alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001, akahukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha. Juni 2004 alipewa miaka 30, na Julai 2006, baada ya rufaa, kifungo cha maisha.

Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na Shirika la Wakimbizi zilitangaza kwa pamoja kwamba wakimbizi wote wa Rwanda waliopo nchini warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walijaribu kwenda upande wa pili. Walizihama kambi na kuelekea mashariki kwenye mapori ya Burigi na Biharamulo, wengine wakitumaini kufika Kenya au Malawi, wakazuiwa na kurudishwa barabarani na askari. Barabara ile ile ya Waitaliano ikajaa tena, safari hii watu wakielekea Rusumo. Hadi leo watetezi wa haki za wakimbizi wanaitaja Desemba hiyo kwa lawama, na watu wengi wa Ngara wanaitaja kwa ahueni. Pande zote mbili zina sababu zao, ingawa mimi siwezi kuita hiari safari iliyosindikizwa na bunduki.

Kambi ikaondoka kama ilivyoondoka kampuni. Turubai zikaisha, miti ikapandwa na mingine ikajiotea, na jina likabaki mara ya pili. Sasa ni mji mdogo wa barabarani: nyumba za kulala wageni, mama lishe, mafundi wa matairi, foleni za malori yanayosubiri karatasi za mizigo yao zikamilike mpakani. Kule Rusumo maporomoko yametiwa mitambo ya umeme ya megawati 80, ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana theluthi kwa theluthi, na mradi huo haukuhitaji kutafutiwa jina.

Tahajia bado haijatulia. Wengine huandika Benaco, kama kwenye mitambo ya kampuni, wengine Benako, kama Kiswahili kinavyotaka. Mimi naona k ingekuwa sahihi zaidi, lakini sioni dalili kwamba c itang'oka. Dereva wa Kigali hulitamka kwa b yake laini, ile ile iliyompotea Speke. Dereva wa Kahama hulitamka kwa b ya kufunga midomo. Kiambishi hakuna aliyekipachika bado. Mtu wa pale ni mtu wa Benaco, na anayekwenda huko anakwenda Benaco, bila -ni.